Mjadala: Je, seli za neva za maabara zinahitajika katika kuuchunguza unene?

Mzee wa Ngamiani: Nimesoma kwamba Wamarekani wanageuza seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuwa seli za aina nyingine, kuwa seli za neva za binadamu ili wauchunguze unene wa kupindukia. Naona fedha hizo zinapotea bure, kwani hapa Tanga, enzi tukienda kazini kwa baiskeli, wanene walikuwa wa kuhesabika. Mtu hanenepi bila mkono wake mwenyewe kwenda kinywani. Isitoshe, seli hizo hutolewa katika mimba zilizoharibika.

Binti Makorora: Shikamoo mzee wangu. La mimba nawaachia wajuzi, lakini hilo la mkono na kinywa limenichoma. Mdogo wangu wa kike ni mnene tangu hajaanza shule, ilhali sote tulilelewa kwa kula sinia moja. Majuzi, katika maulidi, mama mmoja alimwondolea sahani ya pilau mbele ya watu, akisema amekwisha kutosha. Mdogo wangu, aliyekuwa amenawa na hajatia hata tonge, aliuweka mkono uliolowa mapajani, akakaa hivyo hadi dua ikaisha.

Mwalimu wa Chumbageni: Mzee, seli shina hizi hazihitaji mimba. Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha, mwaka 2006 kwa panya na 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya ngozi ya mtu mzima huweza kurejeshwa katika hali ya seli shina. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walizikuza seli shina za namna hiyo zikawa seli za neva zinazofanana na zile za haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayopokea habari za njaa na shibe. Mtu aliye hai hakatwi kipande cha sehemu hiyo, na panya si mtu; ndiyo maana seli za maabara zinahitajika.

Mzee wa Ngamiani: Marahaba binti yangu, sikumsema mdogo wako. Ila vijana sasa hupanda bodaboda hata kwenda hapa karibu, Mgandini.

Binti Makorora: Hukumtaja, mzee wangu, lakini kila mnene aliyesoma amejiona ametajwa.

Muuguzi wa Pongwe: Bodaboda na soda zina sehemu yake, sikatai, lakini chakula kilekile hakiwakuti watu wenye miili ileile. Mwaka 1997 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja ambao miili yao haikutengeneza leptini, homoni inayoupasha ubongo habari za mafuta yaliyomo mwilini; mmoja alikuwa na miaka 8 na kilo 86. Alipodungwa leptini, njaa ilimwachia na uzito ukashuka. Nani angemlaumu kwa mkono wake?

Binti Makorora: Mdogo wangu anasoma nami hapa. Anauliza ngozi inayochukuliwa ni kubwa kiasi gani.

Muuguzi wa Pongwe: Milimita chache tu, mdogo wangu, na hutiwa ganzi kwanza.