Tamthilia za mchana na michezo ya zawadi Marekani: ni kweli watazamaji ndio walioamua?

Wakuu, naomba tulijadili hili. Nafanya kazi ya kutunza wazee huku Marekani. Bibi ninayemhudumia ana miaka 84. Saa tano asubuhi lazima The Price Is Right, mchezo wa zawadi wa kukisia bei za bidhaa. Anabishana na televisheni juu ya bei ya sabuni ya kufulia, mtu akikosea anajipiga paja. Saa sita na nusu inaingia tamthilia, The Young and the Restless, na hapo hata dawa hataki nimletee mpaka matangazo. Kwake hakuna ugomvi kati ya mchezo na tamthilia. Ugomvi uko kwa wenye vituo.

Mwaka 2009 kituo cha CBS waliifuta Guiding Light, tamthilia iliyoanzia redioni 1937, nafasi yake wakaupa mchezo wa zawadi, Let's Make a Deal. Ikasemwa watazamaji wameamua, michezo imeshinda. Napinga! Tamthilia inalisha waigizaji wa kudumu na waandishi, na inadai hadithi mpya siku tano kwa wiki. Mchezo una mtangazaji, seti ileile, na washiriki wanaookotwa humo humo kwenye hadhira, bila mshahara. Vipindi viwili, vitatu vinarekodiwa siku moja. Hata wakilingana watazamaji, faida kubwa iko upande gani? Kumsingizia mtazamaji ni kumwonea.

Jibu: Mkuu, watazamaji walipungua kweli. Harusi ya wahusika Luke na Laura kwenye tamthilia ya General Hospital, 1981, ilitazamwa na watu takriban milioni 30. Leo nani anafika hapo? Akina mama waliokuwa nyumbani mchana waliingia kazini. Halafu tamthilia ukiikosa wiki mbili umeachwa. Mchezo unaukuta katikati na bado unashangilia.

Mleta mada: Hilo la kuukuta katikati nakubali, tena ni hoja nzito. Ila kama tamthilia imekufa, mbona CBS hao hao Februari 2025 wameanzisha mpya, Beyond the Gates, ya ukoo wa Weusi matajiri jirani na Washington? Wameiweka badala ya The Talk, kipindi cha mazungumzo walichokileta 2010 walipoifuta tamthilia ya As the World Turns. Miaka 14 wamezunguka, wamerudi palepale. Bibi ameshaiongeza kwenye ratiba yake, saa nane mchana. Mnaotazama vyote viwili, karibuni mseme.