Jumamosi moja Nairobi na watoto wadogo na mamamkwe, tuanzie wapi?

MamaWaKisauni
Hamjambo jamani. Twaja Nairobi kutoka Mombasa likizo hii ya Agosti na treni ya SGR, twafika Ijumaa jioni na kurudi Jumapili, kwa hivyo siku ya kutembea ni Jumamosi peke yake. Tuko watano, mimi na baba yao, kijana wa miaka saba, msichana wa miaka minne na mamamkwe ambaye magoti yamsumbua. Mdogo bado alala mchana, asipolala ikifika saa kumi ni kilio mpaka usiku. Baba yao ameandika orodha: ndovu, twiga, Nairobi National Park, makumbusho ya taifa, makumbusho ya reli, lile jumba refu la KICC na msitu wa Karura, zote siku moja. Mimi naona haiwezekani lakini sina uzoefu na Nairobi, nilikuja mara moja tu kwa mambo ya hospitali. Mwatushauri nini? Twalala kwa shangazi yake South C.

Mkaaji_wa_Langata
Karibuni sana dada. Mwambie shemeji hio orodha ni ya siku tatu, na hapo hujahesabu jam ya Lang'ata Road. Kwa watoto wa umri huo mimi ningefanya twiga na ndovu tu, halafu mrudi nyumbani mdogo alale. Giraffe Centre inafunguliwa saa tatu asubuhi, fikeni wakati huo kabla mabasi ya shule na watalii hayajajaa. Mnapanda jukwaa la mbao, mnapewa punje za chakula na twiga anakuja na kichwa hapo hapo mbele ya uso wako. Ulimi wake ni mrefu kama mkono wa mtoto, mweusi mweusi hivi, unakwaruza kidogo na mate yanabaki kwenye vidole. Wangu wa kwanza akiwa na miaka mitatu aliuona huo ulimi akajificha nyuma ya sketi yangu kabisa, sikumlazimisha, nikaendelea kulisha mimi na dadake, baada ya kama dakika kumi nikasikia mkono mdogo unachomoa punje kwenye kiganja changu. Alilisha mpaka zikaisha akanituma nyingine. Kwa hivyo msiwe na haraka hapo. Na msikilize wafanyakazi wakikuambia simama wapi, kuna twiga wengine hupiga watu na kichwa wakikasirika.

Halafu ndovu. Kwa Sheldrick, kile kituo cha ndovu yatima, wageni wanaingia saa tano mpaka saa sita tu, saa moja basi, na lazima uwe umebuku mapema kwa mtandao, usije ukafika getini na watoto wamevaa vizuri ukarudishwa. Kuna ada ya kituo na kuna ada ya mbuga kwa sababu kiko ndani ya Nairobi National Park, na ya mbuga inalipwa kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, keshi hawachukui. Bebeni vitambulisho mlipe bei ya wananchi.

MamaWaKisauni
Asante dada umenifungua macho. Mamamkwe ataweza hapo kwa ndovu? Kuna viti?

Mkaaji_wa_Langata
Hapo ndio pagumu kidogo, watu wanasimama nyuma ya kamba wakati ndovu wadogo wananyonya chupa za maziwa na kugaragara kwenye matope. Saa moja ya kusimama kwa magoti mabaya ni ndefu. Bebeni kakiti kale kepesi ka kukunja na mfike mapema apate nafasi ya mbele, watoto pia wataona, ukiwa nyuma mtoto wa miaka minne anaona viuno vya watu tu.

BabaWawili_SouthB
Nakubaliana na hapo juu kuhusu kupunguza ila mimi ningewapeleka upande wa taoni, hasa kwa ajili ya shosho. National Museum ina mahali pa kukaa, ina kivuli na choo kiko karibu, na ukishalipa hauna haraka ya saa tano saa sita. Pale uani kuna sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu ambaye Mzee Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais 1970, alikufa 1974. Watoto wangu walisimama chini ya zile pembe wakapima na mikono. Na huyo wa miaka saba muonyeshe Turkana Boy, mifupa iliyopatikana kule Nariokotome 1984, ya miaka kama milioni moja na nusu, na alikuwa mtoto tu, wanakadiria miaka minane au tisa. Kijana wangu aliposikia hivo alinyamaza akaanza kujipima urefu na kioo. Snake Park iko hapo hapo nje.

Reli nayo ni karibu na stesheni ya taoni, kuna injini kuukuu za moshi wanazopanda na kushika, na lile behewa ambalo simba aliingia usiku pale Kima mwaka wa 1900 akamvuta Ryall, afisa wa polisi aliyekuja kumuwinda. Kwa huyo mdogo hio stori muiruke.

Nduthi_na_Kahawa
Karura wacheni safari hii, ni nzuri lakini inataka nusu siku na miguu mizima. La muhimu, msibebe maji ya chupa za plastiki za kutupa, tangu Juni 2020 zimepigwa marufuku kwenye mbuga na misitu ya serikali. Bebeni chupa za watoto za shule. Na sweta jamani, nyinyi watu wa Pwani mnakuja Agosti na tisheti, asubuhi hapa kuna baridi ya kweli na jua linaweza lisitoke mpaka saa saba.

MamaWaKisauni
Nimewasomea wote hapa sebuleni. Tumekata shauri twiga na ndovu asubuhi, mdogo alale South C, na kama ataamka vizuri baba yao ampeleke mkubwa makumbusho na mamamkwe apumzike. KICC tutaiona tukipita. Kilichoamua ni mamamkwe mwenyewe, nilipomwambia wale ndovu yatima wakikua hupelekwa Tsavo akasema basi ni wale wale twapishana nao kwenye treni, lazima akawaone wakiwa wachanga. Kakiti tunacho, ni kile cha kuendea pale Mama Ngina kando ya bahari jioni. Sweta ya msichana ndio sina, kesho naingia soko la Kongowea.