Kuzuia wanaobahatisha nenosiri kwenye tovuti: plagini, Fail2ban, Cloudflare au kodi (programu) uliyoiandika mwenyewe?

Fundi_Njiro (Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Nahudumia tovuti ya kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha. Upande wa wageni ni WordPress. Pembeni kuna mfumo niliouandika mwenyewe kwa PHP, humo waongozaji, madereva na watu wa ofisini huingia kuona safari walizopangiwa. Akaunti ziko 38.

Jumanne asubuhi nilifungua logi (kumbukumbu za seva) nikakuta mistari ya namna hii, kurasa kwa kurasa:

23:04:11 admin imeshindwa
23:04:13 admin imeshindwa
23:04:15 info imeshindwa
23:04:17 mkurugenzi imeshindwa

Seva inatumia saa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, kwa hiyo kwetu ilikuwa saa nane na dakika nne usiku. Iliendelea hivyo hadi alfajiri. Kilichonishtua ni hilo jina la mwisho. "Mkurugenzi" ni akaunti iliyopo kweli.

Nikaweka kinga ya haraka: IP (anwani ya mtandaoni anakotokea mtu) ikikosea mara 5, ifungiwe saa 24. Alhamisi dereva wetu mmoja aliyekuwa amebadilisha simu akakosea nenosiri mara tano akiwa uwanja wa ndege wa KIA anasubiri wageni. Haikupita nusu saa, mwongozaji akanipigia kutoka geti la Machame: orodha ya wapagazi haifunguki, na wageni sita wamesimama nyuma yake. Akafuata wa Karatu. Wote wanatumia mtandao mmoja wa simu, na kwenye logi yangu wote wana IP moja. Niliondoa kinga palepale.

Sasa nataka nifanye jambo hili sawasawa. Seva ni yangu, ya Linux, nina mamlaka yote. Waliotumia njia nne nilizotaja kwenye kichwa naomba waniambie kila moja inawafaa wapi na inawaangusha wapi.

Kiboriloni (Moshi)

Mkuu, pole. Mimi nina tovuti kama kumi na mbili za loji na shule huku Moshi, zote WordPress, na zote natumia plagini (kiongezi cha WordPress) iitwayo Limit Login Attempts Reloaded. WordPress yenyewe ikitoka kiwandani haina kikomo chochote cha kukosea, mtu anaweza kujaribu hadi achoke. Plagini inakuwekea kikomo kwa dakika tano za kazi, na haihitaji mamlaka ya seva. Plagini nyingine, Wordfence, inafanya hilo na mengine, ila kwenye seva ndogo inaelemea.

Udhaifu wake ni huu: plagini inaamka baada ya WordPress kuamka. Kila jaribio, hata la IP iliyofungiwa, linaiamsha PHP na hifadhidata. Mashambulizi yakiwa makubwa tovuti inakuwa nzito hata kama hakuna aliyeingia. Na kwako haitagusa kabisa ule mfumo wa PHP.

Kuhusu jina "mkurugenzi": je, ndilo jina analotumia kuandika habari kwenye WordPress? Fungua tovuti yako kwa kuongeza ?author=1 mwishoni mwa anwani, halafu jaribu /wp-json/wp/v2/users. Nadhani utaliona limekaa pale wazi. Na kama hutumii xmlrpc.php, mlango mwingine wa WordPress unaotumiwa na programu, ifunge. Zamani ombi moja kupitia mlango huo liliweza kubeba mamia ya nenosiri kwa mkupuo. Toleo la 4.4 la Desemba 2015 lilirekebisha hilo, lakini mlango bado upo na watu bado wanaugonga.

Fundi_Njiro

Nimejaribu sasa hivi. Lipo, na ni jina lilelile kwenye mifumo yote miwili. Asante sana mkuu.

Mzee_wa_Seva (Arusha)

Kijana, una seva yako, basi Fail2ban ni haki yako. Yenyewe inasoma logi, ikiona IP imekosea kupita kiasi inaiambia fayawoli (ukuta wa kinga wa seva) iifunge. Ombi linalofuata haliifikii hata PHP. Kwa kawaida imepangwa makosa 5 ndani ya dakika 10, kifungo dakika 10. Usihariri jail.conf, maana siku ukisasisha programu itafutwa. Andika yako kwenye jail.local. Washa na bantime.increment, ili anayerudia aongezewe kifungo kila anaporudi, badala ya kumpiga saa 24 mtu aliyekosea kwa mara ya kwanza.

Mambo matatu yaliyonigharimu usiku wa kazi:

La kwanza, saa. Nilipanga seva yangu kwa saa za Dar es Salaam, lakini PHP ikabaki inaandika logi kwa UTC bila alama ya ukanda. Fail2ban ikasoma kila kosa jipya kama la saa tatu zilizopita, likawa nje ya zile dakika 10. Wiki nzima haikufungia mtu hata mmoja, na mimi nadhani kumetulia. Tumia fail2ban-regex kupima kanuni yako kwenye logi halisi, halafu kosea mwenyewe kwa makusudi uone kama unafungiwa.

La pili, usiandike kwenye logi jina lililoandikwa na mtu kama lilivyo. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuweka mstari mpya ndani ya jina lake na kutunga kosa lenye IP ya mtu mwingine. Utamfungia asiye na hatia kwa mkono wako mwenyewe. Safisha jina kwanza.

La tatu, weka IP ya ofisi kwenye ignoreip, kama ni ya kudumu.

Kwa SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa amri ukiwa mbali) sina mbadala wa Fail2ban. Kwa ukurasa wa waongozaji wako, nakiri, inakurudisha kwenye tatizo lako la Alhamisi, kwa sababu inachojua ni IP tu.

Sanawari_Net (Arusha)

Niongezee hapo kwa nini IP ilikuwa moja, kwa sababu wengi huku tunafuata maelekezo ya watu wa Ulaya ambao kila nyumba ina anwani yake. IPv4, yaani anwani za IP za mtindo wa zamani, hazitoshi, kwa hiyo kampuni za simu zinawapitisha wateja wengi sana kwenye anwani moja ya nje. Jaribu mwenyewe: zima waifai, angalia IP kwenye mipangilio ya simu, kisha angalia ile inayoonekana kwenye tovuti za kuonyesha IP. Ukikuta ya kwenye simu inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, na ya nje ni tofauti, uko nyuma ya anwani ya pamoja. Dereva wa KIA na mwongozaji wa Machame wametenganishwa na barabara ndefu, lakini kwa seva yako wametokea mlango mmoja, pamoja na watu chungu nzima wasiowajua.

Ukikuta watu wanakuja kwa IPv6, ule mtindo mpya, hapo mambo yanageuka: mteja mmoja anapewa anwani nyingi kupita kiasi, kwa hiyo fungia kundi la /64, usifungie anwani mojamoja.

Pasua_Kwetu (Moshi)

Samahani kuingilia. Sisi tuko kwenye hosti ya pamoja, hatuna seva. Fail2ban inawezekana?

Mzee_wa_Seva

Haiwezekani, mwanangu. Hiyo ni kazi ya mwenye hosti, muulize kama ameiwasha kinga ya cPHulk kwenye cPanel, ingawa hiyo inalinda cPanel na barua pepe, si ukurasa wako wa WordPress. Wewe weka plagini ya Kiboriloni, na juu yake weka nenosiri la pili la .htaccess kwenye wp-login.php. Boti nyingi zinaishia hapo.

Majengo_Dev (Moshi)

Mimi ni wa Cloudflare, huduma inayosimama kati ya wageni na seva yako. Uzuri wake ni kwamba mgeni hafiki kwako kabla ya kupita kwao, na badala ya kumfungia mtu kabisa unaweza kumwekea Turnstile, kile kipimo cha kuona kama ni mtu au boti. Mwongozaji halisi aliyeko nyuma ya IP ya pamoja atapita, na skripti itakwama. Kwa shida yako ya Machame, hiyo peke yake ni nafuu kubwa.

Lakini angalia sana mkuu, ukiiwasha tu bila kugusa seva, utaharibu kila kitu. Seva itaanza kuona IP za Cloudflare pekee. Fail2ban ikizifungia, umewafungia wageni wote. Na ukiielekeza isome IP halisi kwenye logi, kuifungia kwenye fayawoli ya seva hakusaidii, kwa sababu muunganisho wenyewe unatoka Cloudflare. Inabidi Fail2ban itume amri kwao kupitia API (njia ya programu kuzungumza na programu). IP halisi wanaiweka kwenye heda (maelezo yanayoambatana na ombi) ya CF-Connecting-IP. Iamini pale tu ombi linapotoka kwenye anwani zao. Ukiamini heda yoyote inayokuja, mtu atajiandikia IP mpya kila jaribio na hesabu yako haitafika popote.

Dada_Hifadhidata (Arusha)

Kaka Fundi, nimeusoma uzi wote, na naona hujapata jibu la tatizo lenyewe. Unahesabu kitu kisicho sahihi. Ninatunza mfumo wa chama cha kuweka na kukopa, wanachama wengi wanaingia kwa simu, na nilipita njia hiyohiyo. Fail2ban na Cloudflare baki nazo kama uzio wa nje. Uamuzi wa mlangoni lazima uwe ndani ya kodi yako, kwa sababu kodi yako peke yake ndiyo inajua akaunti ipi imeguswa.

Fanya hesabu mbili zisizochanganywa.

Hesabu ya akaunti: makosa matano ya kwanza yapite bure. Kuanzia la sita, subiri sekunde 2, kisha 4, kisha 8, hadi ifike dakika 15. Usitumie sleep() kumsubirisha, utajaza PHP yako na maombi yaliyolala. Hifadhi muda ambao akaunti inaruhusiwa kujaribu tena, na ombi likija mapema lirudishe papo hapo. Watu wanaogopa kuruhusu zaidi ya makosa matano, lakini hata mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, SP 800-63B, unaweka ukomo wa juu kwenye makosa 100 mfululizo kwa akaunti moja. Hiyo ni nafasi ya kutosha kwa dereva mwenye simu mpya, na nenosiri zuri halipatikani kwa kubahatisha mara mia.

Hesabu ya IP: usihesabu makosa, hesabu majina. Dereva wako alikosea mara tano kwenye jina lake moja. Yule wa saa nane usiku alijaribu admin, info, mkurugenzi na mengine. IP iliyogusa majina kumi tofauti ndani ya dakika kumi, hasa majina ambayo hayapo, si mwongozaji wa Karatu. Hiyo ipelekee Turnstile au uifungie kwa saa moja.

Andika kosa kwenye jedwali kabla ya kukagua nenosiri, halafu ulifute akifaulu. Ukikagua kwanza, maombi hamsini yanayofika kwa pamoja yote yatapita kabla hesabu haijapanda. Na password_verify, amri ya PHP ya kukagua nenosiri, ni nzito kwa makusudi. Kuizuia mapema kunaokoa seva.

Jambo la mwisho nalisema kwa uzito. Fungua jedwali lako la makosa usome safu ya majina. Mimi nilikuta nenosiri za watu humo. Mtu ana haraka, anaandika nenosiri kwenye kisanduku cha jina, na wewe unalihifadhi bila kulificha, na mstari unaofuata una jina lake halisi. Kama jina halipo kwenye mfumo, usilihifadhi. Weka hashi yake (alama isiyogeuzwa kuwa jina tena) yenye ufunguo wa siri, inatosha kujua kwamba ni jina tofauti.

Kiboriloni

Dada, nauliza kwa nia njema. Hiyo hesabu ya akaunti haimpi mtu baki nafasi ya kumfungia mkurugenzi makusudi? Anakosea kila dakika 15, na mwenye akaunti haingii milele.

Dada_Hifadhidata

Swali zuri, na ndiyo sababu sifungi akaunti moja kwa moja. Mtu akiingia kwa mafanikio, kivinjari chake nakipatia kuki (alama ndogo inayohifadhiwa humo) yenye sahihi, ya akaunti hiyo. Akirudi na kuki hiyo anahesabiwa peke yake, vurugu za watu wasio na kuki hazimgusi. Simu mpya tu ndiyo inapanga foleni na wengine.

Sanawari_Net

Hayo yote hayamzuii anayekuja na nenosiri sahihi aliloliokota kwenye uvujaji wa tovuti nyingine. Jaribio moja, ameingia. Zikague nenosiri kwenye Pwned Passwords, orodha ya Troy Hunt ya nenosiri zilizokwisha vuja: unatuma herufi 5 za mwanzo za hashi ya SHA-1 tu, nenosiri lenyewe halitoki kwako. Na kwa akaunti za ofisini weka tarakimu sita za programu ya simu, zile zinazobadilika kila sekunde 30. Zinafanya kazi hata pasipo na mtandao, mradi saa ya simu iwe sahihi. SMS kwa mtu aliye porini inaweza kufika wakati hana haja nayo tena.

Fundi_Njiro

Wakuu, narudisha taarifa baada ya wiki. Nimefuata hesabu mbili za Dada, Turnstile kwa IP zenye majina mengi, na Fail2ban nimeiacha kwa SSH tu. "Mkurugenzi" nimembadilishia jina kwenye mifumo yote na orodha ya majina ya WordPress nimeificha. Nilipofungua jedwali langu la zamani nilikuta nenosiri nne kwenye safu ya majina, moja ya mhasibu. Nimewapigia wote wanne wabadilishe, na jedwali nimelifuta.

Jana usiku wamerudi. IP moja iligusa majina 10, ikakutana na Turnstile, ikaondoka. Leo asubuhi dereva yuleyule amekosea mara tatu akiwa Mto wa Mbu, ya nne akaingia, na hakuna aliyenipigia.

Nimebaki na swali: haya makosa niyatunze muda gani?

Dada_Hifadhidata

Mimi siku 30. Zinatosha kuona mtindo. IP iliyofungamana na jina la mtu ichukulie kuwa taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haikuruhusu kukaa nayo kuliko unavyoihitaji.

Fundi_Njiro

Sawa dada, siku 30. Nimeipanga kroni (kipanga kazi cha seva) ifute kila saa tisa usiku, na nimehakikisha ni saa tisa ya hapa.