Mrejesho: Yale mabomba yaliyokuwa yakigonga usiku kwenye karavani

Wakuu, nimerudi. Ni mimi niliyeuliza kuhusu karavani (nyumba ya magurudumu) ninayolala huku saiti Makete, ambayo mabomba yake ya maji ya moto ya kupasha chumba yalikuwa yakigonga ko-ko-ko kila hita ikiwaka usiku.

Wengi mlisema ni hewa iliyonaswa ndani ya mabomba. Nikafungua valvu ya juu, kweli ikatoka, na ule mlio wa kububujika ukaisha. Kugonga kukabaki palepale. Aliyepatia ni yule aliyesema nikague vibano vinavyoshikilia bomba. Shaba ikipata moto hurefuka: bomba la mita 5 likipanda nyuzi 50 linaongezeka kama milimita 4. Langu lilikuwa limekazwa kwa skrubu hadi halina pa kwenda, tena limepita kwenye tundu la mbao lililolikaba, basi likawa linajivuta kwa kuruka, ko-ko-ko. Nimelegeza vibano, nikapanua tundu, nikalivisha vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli. Pesa sikutoa, ila magoti yanauma.

Jana usiku baridi ilikuwa ile ya kuacha sakitu nje (umande ulioganda, wenye viazi mnaijua), hita ikawaka mpaka alfajiri. Kimya. Sasa nasikia jirani anavyokoroma.