MREJESHO: Matembezi na watoto kabla hatujahama Kigoma

Wadau, niliuliza tuwapeleke wapi watoto wetu wawili wadogo likizo ya Juni kabla ya kuhamia Dodoma. Asanteni sana!

Ujiji tulifika kwenye makumbusho, pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Mkubwa aliuliza maswali mpaka mtembezaji akafurahi. Ila ufukwe wa Jakobsen ndiko walikogoma kuondoka: mchanga safi, maji maangavu unaona hadi chini. Chakula kifungeni vizuri, tumbili wa pale hawana aibu. Hifadhi ya Gombe tumeiacha: boti, kisha kupanda milima kufuata sokwe, kwa umri wao bado.

Mama watoto amefungasha dagaa wa Kibirizi. Treni yetu ni Alhamisi, tunapitia Tabora.