Ruta za meshi: ishara inasomeka vizuri, lakini kasi imeanguka baada ya kuhamisha antena

Swali

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu. Nina ruta tatu zilizounganishwa kwa meshi, yaani zinapokezana data bila waya, na kila moja ina redio moja tu ya 2.4 GHz, antena mbili za nje na programu ya OpenWrt. Ruta A imechomekwa kwenye intaneti kwa kebo, B iko katikati, na C iko mwisho kabisa, mahali ambapo haiisikii A moja kwa moja. Wiki mbili zilizopita niliitoa antena moja ya ruta A nje ya dirisha kwa kebo ya kurefushia yenye mita 3, nikitarajia kwamba B itaipata vizuri zaidi. Tangu siku hiyo kasi ninayoipata kwenye C imeshuka sana, ingawa B bado inasoma ishara ya −61 dBm kutoka A (dBm ni kipimo cha nguvu ya ishara; namba ikikaribia sifuri, ishara ina nguvu zaidi), ambayo haina tofauti kubwa na ya awali. Nimepandisha nguvu ya kurusha ya ruta zote hadi mwisho, na hali imezidi kuwa mbaya. Je, tatizo ni antena, au ndivyo meshi ilivyo?

Jibu la 1

Pole, ndugu. Kwanza rudisha nguvu ya kurusha ilipokuwa. Kipaza nguvu cha redio kikisukumwa hadi mwisho huanza kuharibu umbo la wimbi, na viwango vya juu vya kasi vinahitaji wimbi safi kuliko wimbi kubwa.

Kisha pima kila kipande peke yake kwa iperf3, programu ya kupima kasi baina ya vifaa viwili: A hadi B, B hadi C, halafu A hadi C. Jaribio la kasi la kwenye tovuti halitakusaidia, kwa sababu linachanganya intaneti, meshi na simu yako katika namba moja. Baada ya hapo ingia kwenye ruta A yenyewe, wala si B, uandike `iw dev wlan0 station dump` (jina wlan0 linaweza kuwa tofauti kwako). Katika mstari wa ishara, namba ya kwanza ni ya jumla, na zile zilizo ndani ya mabano ya mraba ni za kila antena. Nasisitiza A kwa sababu kila ruta huripoti kile ambacho antena zake yenyewe zinasikia. B inaisikia A kupitia antena iliyo nzima, ndiyo maana inakuambia kwamba mambo ni salama.

Muulizaji

Nashukuru sana. A hadi B ni Mbps 24, B hadi C ni Mbps 40, na A hadi C ni Mbps 14. Ruta A inaonyesha −62 [−62, −87].

Jibu la 2

Tofauti ya desibeli 25 haiwezi kuletwa na urefu wa kebo. Kebo nyembamba ya aina ya RG-58 hupoteza takriban desibeli 1 kwa kila mita katika masafa hayo, kwa hiyo mita 3 zinakula karibu nusu ya nguvu. Hiyo ni hasara, lakini haiui antena. Fungua mahali kebo inapokutana na antena, utazame katikati ya viunganishi vyote viwili. SMA na RP-SMA, aina mbili za viunganishi vya antena, zina hesi zinazolingana kabisa, na tofauti yake iko kwenye pini ya katikati tu, hivyo tundu linaweza kufungwa juu ya tundu na kukaza barabara bila ya shaba za katikati kugusana.

Ruta yenye antena mbili huweza kurusha mikondo miwili ya data kwa pamoja; antena moja ikifa, mkondo wa pili hufa nayo. Kwa 802.11n (kiwango cha Wi-Fi) yenye upana wa chaneli wa 20 MHz, mikondo miwili hufikia kiwango cha Mbps 130 na mmoja Mbps 65, na kasi halisi huwa karibu nusu ya hapo. Mbps 24 zako zinaingia humo.

Ile 14 haina tatizo lingine lililojificha. Redio ya B ni moja, haiwezi kupokea kutoka A na kuirushia C kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila megabiti inalipiwa muda mara mbili: sehemu ya 1/24 ya sekunde kuingia na 1/40 kutoka. Jumla yake ni 1/15, yaani Mbps 15 kwa hesabu, nawe umepima 14.

Muulizaji

Nimefungua na nimekuta tundu linatazamana na tundu, bila pini upande wowote, ilhali hesi zilikuwa zimekaza kiasi kwamba nilihitaji koleo kuzilegeza. Nimeirudisha antena kwenye ruta yenyewe. Sasa A inasoma −60 [−62, −64], A hadi B ni Mbps 60, na A hadi C ni Mbps 23.

Jibu la 1

Kwa hesabu ya mwenzangu, 60 na 40 zinatoa 24, kwa hiyo upande wa antena umekwisha. Usihangaike tena na antena kubwa ukidhani zitaivusha C zaidi ya hapo. Kinachobaki ni kuipunguzia B kazi, ama kwa kuivutia kebo kutoka A, ama kwa kuweka ruta zenye redio ya pili ya 5 GHz inayobeba mawasiliano baina ya ruta peke yake, iwapo kuta zinaruhusu. Ukitaka kuhama chaneli ili kukwepa majirani, chagua kati ya 1, 6 na 11, na uanze kubadilisha kwenye C, kisha B, kisha A. Ukianza na A, utazikata zile mbili za mbali kabla hujazifikia.