Mjadala: Ni jicho la mtu linaloibadili elektroni, au ni kifaa?

Mwalimu wa fizikia, Kigoma:

Msemaji mmoja alialikwa hivi karibuni kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha sita hapa Kigoma, akawaambia kwamba fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo mno kama atomu, imethibitisha kuwa fikra za mtu huumba hali halisi: kwa vile elektroni, ile chembe ndogo ya ndani ya atomu, hubadili mwenendo inapotazamwa, mwanafunzi anayejiona amefaulu atafaulu. Ninapinga, na ninaomba nijibiwe kwa hoja.

Anayesimama Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, asubuhi, mitumbwi ya dagaa ikirejea, huona mawimbi ya mitumbwi miwili yakikutana: kilele kikipanda juu ya kilele maji huinuka zaidi, kilele kikiangukia bonde maji hutulia. Thomas Young wa Uingereza alionyesha mwanzoni mwa karne ya 19 kuwa mwanga nao hufanya hivyo, ukatoa michirizi ya nuru na giza. Mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake nchini Japani walirusha elektroni moja moja, wakitumia uzi mwembamba wenye chaji ya umeme badala ya mianya miwili ambayo vitabu huonyesha elektroni zikipitia. Kila elektroni iliacha nukta moja tu kwenye skrini, mahali pasipotabirika. Zilipokusanyika nukta makumi ya maelfu, zikawa zimejipanga kuwa michirizi. Ajabu hiyo sitaki kuipunguza hata kidogo, kwa sababu wimbi la ziwani ni maji mengi yanayosukumana, ilhali elektroni iliyo peke yake haina mwenzake wa kusukumana naye.

Ukiweka kifaa cha kubaini elektroni imepita upande gani, michirizi hupotea. Msemaji wetu alikiita kifaa hicho "mtazamaji", kisha kimyakimya akakigeuza kuwa mtu mwenye nia. Lakini watafiti wa Vienna, ambao mwaka 1999 walipata michirizi hata kwa molekuli zenye atomu 60 za kaboni, baadaye walitumia molekuli za atomu 70 na kuruhusu gesi kidogo iingie katika chombo kilichonyonywa hewa. Kadiri gesi ilivyoongezeka, ndivyo michirizi ilivyofifia. Gesi haina macho wala nia. Inapogongana na molekuli huondoka na habari ya mahali molekuli ilipo, na hilo latosha.

Mchangiaji, Tabora:

Mwalimu, kuhusu mtihani tuko pamoja, ila naona umeifunga kesi mapema. Gesi inaeleza kwa nini michirizi hufifia. Haielezi kwa nini, kati ya mahali pote ambapo elektroni ingeweza kutua, nukta ilitokea hapa na si pale. Mwanafizikia Eugene Wigner, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1963, aliwahi kutetea kwamba ni akili yenye utambuzi inayokata shauri hilo. Naye tumweke kapu moja na mgeni wenu?

Mwalimu wa fizikia, Kigoma:

Hapana, ndugu yangu, ingawa Wigner mwenyewe baadaye aliiacha rai hiyo. Swali lako la nukta moja ni halali na wanafizikia hawajaafikiana: wapo wasemao matokeo yote hutokea, kila moja katika tawi lake la ulimwengu, na wapo wasemao hesabu zenyewe zina upungufu. Lakini hata katika rai ya Wigner, mtazamaji hachagui nukta itue wapi. Mkalishe mtu mbele ya skrini atamani kwa moyo wote nukta ziende kushoto; kanuni aliyoitoa mwanafizikia Max Born mwaka 1926, inayokokotoa uwezekano wa nukta kutua kila mahali, haina nafasi ya kuandika matamanio yake.

Mchangiaji, Tabora:

Hilo nalikubali. Basi darasani lifute kabisa neno "mtazamaji", useme "kitu kinachobaki na alama ya njia iliyopitwa". Ni refu, najua, lakini mwanafunzi hatadhani linamhusu yeye.